Mtu wa Chini Kwenye Picha

Kila baada ya wiki tatu Zahor aliegesha pikapu yake mbele ya nyumba moja ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, Maskati, akateremsha mtungi wa gesi, akauweka begani na kupita nao ushorobani hadi jikoni. Ushoroba ule ulikuwa na urefu wa hatua kumi na moja. Kwenye hatua ya saba, ukutani, ilitundikwa picha kubwa yenye fremu nyeusi.

Pichani mwenye nyumba, mhandisi wa Kiaustralia aitwaye Gavin, yuko hewani. Mikono yake imeshika mpira wenye umbo la yai, na uso wake una furaha ya mtu aliyepata alichokifuata. Goti lake la kulia limezama katikati ya mabega ya mchezaji mwingine, mfupi kuliko yeye, ambaye mgongo wake umepinda na uso wake unaelekea kwenye majani. Huyo wa chini ni Zahor.

Kwa hiyo, kwa miaka miwili, Zahor alibeba kilo arobaini na saba za chuma na gesi mbele ya picha yake mwenyewe akikanyagwa. Angeweza kumwachia mfanyakazi mwingine wa dukani njia ile. Hakumwachia.

"Nilitaka kuiona," anasema. "Nisije nikasahau."

Alizaliwa Unguja mwaka 1968 na akaletwa Maskati na wazazi wake akiwa na miaka saba. Alikulia mtaa wa Hamriya, akacheza soka kwenye kokoto nyuma ya maduka, siku zote nafasi ya beki, kwa sababu hakuwa na mbio wala chenga lakini watu wawili wakigongana aliyeanguka hakuwa yeye. Alipomaliza skuli alianza kusambaza gesi ya duka la mjomba wake. Alipofika miaka thelathini alikuwa na mke, Muhsina, watoto wawili, na mabega ambayo jirani yake Amur, fundi wa kanzu, alilalamika kuwa yanammalizia kitambaa.

Mpira wa Waaustralia aliletewa na Kamau. Huyu ni Mkenya, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya binafsi, aliyesomea Perth na kurudi na mchezo huo kama wengine wanavyorudi na lafudhi. Mwishoni mwa mwaka 1997 Zahor alimpelekea gesi ghorofa ya nne, katika jengo lisilo na lifti. Kamau alimfungulia mlango, akamtazama, akasikiliza kama anahema.

"Umepumzika ghorofa ya ngapi?"

"Nipumzike, kwani nimechoka?"

"Ijumaa huwa unafanya nini?"

"Naswali, nakula, nalala."

"Basi hii Ijumaa ukishakula usilale. Nakuja kukuchukua."

Timu zilikuwa tatu, zikiitwa kwa rangi za fulana zao, na zilicheza miezi ya baridi tu, Novemba mpaka Machi, kwenye uwanja wa kukodi wenye majani ya kumwagiliwa. Wachezaji wengi walikuwa Waaustralia wa kampuni za ujenzi na mafuta. Waliobaki walikuwa yeyote aliyepatikana. Kila upande ulikuwa na watu tisa. Kamau alikuwa nahodha wa Bluu. Gavin alikuwa Mwekundu.

Kwa anayejua soka tu, kanuni zinaelezeka hivi. Kila upande wa uwanja umesimamishwa nguzo nne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili za katikati ni goli, nalo lina pointi sita; ukipita kwenye nafasi za pembeni, au ukigonga nguzo ya goli, ni pointi moja tu. Anayedaka mpira uliopigwa na mwenzake kabla haujagusa ardhi hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Ndiyo maana mshambuliaji mrefu anayejua kudaka karibu na nguzo ni balaa. Na kanuni zinamruhusu, akiwa anauwania mpira kwa kweli, kuruka na kupanda juu ya mgongo wa anayemzuia.

Gavin alikuwa na urefu wa mita moja na sentimita tisini na sita. Tangu afike Maskati mwaka 1996 hakuwahi kumaliza mechi bila kufunga goli. Alijua hesabu hiyo, na aliitaja.

Januari 1999 Bluu walikutana na Wekundu. Mpira mrefu ulipigwa kuelekea goli la Bluu. Zahor alisimama mbele ya Gavin, akanyanyua mikono kuudaka kama golikipa, macho yote juu. Kilichofuata ndicho kilichopo pichani. Watazamaji wapatao themanini walisimama wakapiga makofi. Zahor hakuyasikia. Alisikia mbavu zake mbili.

Wiki mbili baadaye Gavin mwenyewe alikwenda Hamriya, akaulizia nyumba, akabisha hodi akiwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na nakala ya picha. Chini, kwa wino, aliandika kwamba bila Zahor asingefika juu kiasi kile, akatia sahihi. Kwa desturi ya kwao hiyo ni hisani. Picha ya namna ile huhifadhiwa na wote wawili, aliyeruka na aliyerukiwa, na huzeeka nayo wakisimuliana. Gavin hakukusudia dharau. Hilo Zahor analikubali, na anasema halibadilishi kitu.

Muhsina aliishika picha muda mrefu baada ya mgeni kuondoka.

"Kakukanyaga, kakuvunja, kisha kakuletea ushahidi mwenyewe. Na sahihi katia."

"Anasema ni heshima," alisema Zahor kutoka kitandani.

"Heshima ya nani? Hebu nioneshe wewe iliko. Mie nnaliona goti tu."

Amur alikuja kumjulia hali, akaiona picha mezani, na kufikia kesho yake mtaa mzima ulikuwa na jina jipya la Zahor.

"Ngazi!" Amur alimwita kutoka mlangoni kwake siku ya kwanza aliyotoka nje. "Una nafasi jioni? Nna taa ya kubadilisha dukani."

Watu waliokuwa wakisubiri kanzu zao walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Zahor alicheka nao kidogo, kwa sababu kucheka kuliumiza mbavu na alitaka kujua kunaumiza kiasi gani.

Jioni hiyo Kamau alikuja na machungwa. Zahor hakuyagusa.

"Nifundishe," alimwambia.

"Nikufundishe nini?"

"Asifunge. Basi. Nataka mechi moja, niwe nimemsimamia mimi, amalize bila goli hata moja."

"Na timu ishinde pia, ama?"

"Ikishinda, vizuri."

Kamau alidhani ni mzaha wa mgonjwa. Anakiri leo kuwa alipaswa kuyasikiliza maneno mawili ya mwisho.

Mafunzo yalichukua majira mawili ya baridi. Kamau alimkataza kudaka. Mlinzi anayekutana na mtu mrefu kuliko yeye, alisema, ana haki moja tu, nayo ni kuupiga mpira ngumi uende mbali. Zahor hakuweza kuacha. Mikono yake miwili ilinyanyuka yenyewe. Kwa hiyo kila Jumanne, nyuma ya maduka ya Hamriya, Kamau alimfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kilemba cha zamani na kumrushia mipira mia. Alipojaribu kudaka kwa mkono mmoja, mpira ulimgonga usoni.

"Sikiza," Kamau alimwambia. "Ukidaka, unafikiria mpira. Ukipiga ngumi, unamfikiria yeye. Wewe unataka kumfikiria nani?"

"Yeye."

"Basi piga."

Somo la pili lilikuwa la mwili. Mtu hawezi kuruka juu bila hatua mbili tatu za kukimbia. Mlinzi anayebaki ameguswa nyonga kwa nyonga na mshambuliaji humnyima hatua hizo. Hapa Zahor alikuwa na elimu ambayo Kamau hakuwa nayo. Mtungi wa gesi uliojaa nusu huchezacheza begani. Kilichomo ndani husogea kabla chuma hakijasogea, na aliyezoea hujua upande utakaoelemea kabla haujaelemea. Zahor aligundua kuwa mtu naye ni hivyo hivyo. Uzito wa Gavin ulihamia mguuni kabla Gavin hajakimbia. Ukimgusa, unajua.

Msimu wa 1999 hadi 2000 timu hizo zilikutana mara tatu. Gavin alifunga manne, kisha matatu, kisha moja. Baada ya hilo moja Bluu walikuwa wameshinda, na wenzake walimbeba Zahor. Aliwaomba wamteremshe.

Nyumbani kwa Gavin palikuwa na mfanyakazi wa ndani, Restituta, mwanamke wa Bukoba aliyekuwa amefika Oman mwaka 1998. Kwa muda mrefu walisalimiana tu. Siku moja alimfuata Zahor kwa macho kutoka mlangoni mpaka hatua ya saba.

"Kaka, samahani. Huyu wa chini si wewe?"

"Ni mimi."

"Jamani. Nimekupangusa vumbi mwaka mzima bila kukujua. Pole."

Tangu hapo walizungumza kila alipokuja. Novemba 2000, alipokuwa akimsainia karatasi ya gesi, Restituta alisema kwamba mabosi wake wanarudi kwao mwisho wa Machi. Makasha yalikuwa yameanza kufika.

Zahor aliutua mtungi mtupu sakafuni.

"Harudi tena?"

"Harudi. Amepata kazi huko huko."

Alihesabu. Ratiba ya msimu ule ilikuwa imebanwa; Bluu na Wekundu wangekutana mara moja Desemba, na mara ya pili kwenye fainali ya Machi, kama zote zingefika. Desemba Zahor alikuwa kitandani na homa, na Gavin akawafunga Bluu matano. Ikabaki fainali.

Februari Restituta alimkuta amesimama ushorobani bila mtungi wowote begani, akiitazama picha.

"Kaka, mimi sisemi mambo ya mabosi," alisema. "Mimi nasema habari za nguo."

"Za nguo?"

"Nikianika nguo namwona hapo uani, anavuta ile kamba ya mazoezi aliyofunga mlangoni. Mkono wa kushoto unapanda mpaka juu kabisa. Wa kulia ukifika sikioni anakunja uso, anauteremsha. Kisha anauwekea barafu. Tangu Oktoba."

"Kwa nini unaniambia?"

Restituta alikuwa ameshaanza kukunja mashuka.

"Ananiita Rosi. Miaka miwili sasa. Restituta ni gumu?"

"Si gumu."

"Basi nimemaliza kuanika."

Zahor hakumwambia Kamau habari ile aliipata wapi. Alimwambia tu kwamba angesimama upande wa kushoto wa Gavin mechi nzima. Kamau aliuliza sababu, akajibiwa kuwa ni hisia.

Fainali ilichezwa Ijumaa, tarehe 16 Machi 2001, saa kumi kasoro robo, jua likiwa bado kali. Gavin alikuwa na mechi arobaini na moja Maskati, na goli katika kila moja. Wekundu walikuwa wamemwandalia fulana yenye namba 42. Amur alifunga duka na kuja kutazama kwa mara ya kwanza; alisema wazi kwamba amekuja kucheka.

Gavin alimpa Zahor mkono kabla ya filimbi. "Leo sikuleta mpiga picha, rafiki yangu," alisema kwa Kiingereza, akitabasamu.

"Haidhuru," alijibu Zahor. "Watakumbuka."

Robo ya kwanza, kati ya nne za mechi, mpira ulikuja kwao mara sita. Kila mara Zahor alikuwa ameshaziba upande wa kushoto kwa mwili wake wote, bega lake chini ya kwapa la mwenzake, na Gavin alilazimika kuufuata mpira kwa mkono wa kulia. Mkono ulifika sikioni. Ngumi ya Zahor ilifika juu zaidi. Mara tano aliupiga. Mara ya sita ulitoka wenyewe. Gavin alitazama mkono wake, kisha akamtazama Zahor.

Robo ya pili Gavin aliokota mpira ulioanguka chini, akageuka na kuupiga kutoka pembeni. Ulikuwa unaingia. Ukagonga nguzo. Pointi moja.

Robo ya tatu mwamuzi alimwadhibu Zahor kwa kumshika mkono mpinzani, na kwa haki, alimshika. Gavin alipewa kupiga bila kuguswa, mita thelathini na tano, karibu mbele kabisa ya goli. Alikuwa amewahi kufunga kutoka pale mara nyingi kuliko alivyokosa. Zahor alisimama mbele yake mikono juu, kama kanuni zinavyomruhusu, amemkazia macho. Gavin alichukua hatua zake, akasita kwenye hatua ya tatu, akapiga. Mpira ulikwenda sawa, kisha ukalalia kulia. Pointi moja nyingine. Gavin aliinama akapiga majani kwa kiganja.

Zahor anasema hiyo ndiyo dakika tamu kuliko zote alizowahi kuishi. Muhsina, aliyekaa karibu naye anapolisema hili, anamuuliza kama amesahau harusi.

"Harusini hakukuwa na mpinzani," anamjibu.

Mapumziko ya mwisho Bluu walikuwa na pointi 38, Wekundu 29. Kamau aliwakusanya watu wake. Alimvuta Zahor na kumwambia sikioni: "Akitoka mbali na goli, mwache aende. Wewe ubaki. Umeskia?"

Zahor alisikia. Hakuwa anamtazama Kamau. Alikuwa amekaa ameelekea kule walikokuwa Wekundu, akimtazama Gavin akinywa maji.

Gavin naye alikuwa anamtazama. Alikuwa mhandisi, kazi yake ilikuwa kujua kitu kitavunjikia wapi. Alimwita nahodha wake, wakazungumza kwa vichwa vilivyoinama.

Filimbi ya robo ya nne ilipolia, Gavin aliondoka karibu na goli akatembea kuelekea katikati ya uwanja. Zahor alimfuata. Gavin alipita katikati, akaendelea. Zahor naye. Walifika karibu na nguzo za upande wa pili, mita zaidi ya sabini kutoka pale mlinzi wa mwisho wa Bluu alipopaswa kuwa. Gavin hakuuomba mpira. Aliinama akafunga upya kamba za kiatu, polepole, na Zahor akamsimamia mpaka akamaliza. Alikwenda mstari wa pembeni kunywa maji. Zahor alikunywa kwenye chupa iliyofuata.

Kule nyuma nafasi ilikuwa tupu kama uani. Wekundu walikuwa na mtu mmoja mfupi, daktari wa meno, ambaye msimu mzima hakuwa amefunga goli. Alipokea mpira bila mtu karibu yake, akasogea mpaka akaziona nguzo vizuri, akafunga. Thelathini na nane kwa thelathini na tano.

Kamau alikuja mbio akamshika Zahor fulana.

"Angalia nyuma yako! Hakuna mtu! Daktari wa meno anafunga akitembea!"

"Huyu hajafunga."

"Huyu hana haja na mpira, Zahor! Hajaomba hata mmoja! Sikiza, wacha nimshike mimi. Wewe rudi golini. Dakika sita tu."

"Na akikufunga wewe?"

"Akinifunga mimi, si amenifunga mimi!"

"Hapana. Atakuwa amefunga."

"Bana, kuna watu wanane hapa wametoka jasho tangu Novemba. Nakuomba kama nahodha."

"Nimekusikia," alisema Zahor, na hakusogea.

Bluu walipata pointi moja, ikawa thelathini na tisa. Kamau alijaribu kurudi golini mwenyewe, na kwa kurudi kwake katikati pakapwaya. Gavin alisimama mikono kiunoni, akitazama.

"Unaona ninachofanya?" alimuuliza Zahor.

"Naona."

"Timu yako itafungwa."

"Naona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe hujafunga."

Gavin alicheka, kisha akaacha.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, mpira ulipita juu ya kichwa cha Kamau na daktari wa meno akafunga la pili. Wekundu arobaini na moja, Bluu thelathini na tisa. Kombe lilikuwa limeshapata mwenyewe, ikiwa tu Wekundu wangeushika mpira na kupoteza muda. Kila Mwekundu alijua hivyo. Gavin alikuwa ndiye aliyeutunga mpango, na kwa dakika nzima aliuheshimu. Kisha aliitazama saa ya mwamuzi wa pembeni, akageuka ghafla na kukimbia kuelekea goli la Bluu, mkono wa kushoto juu, akipiga kelele apewe.

Uzito wake ulikuwa umehamia mguuni nusu sekunde kabla. Zahor aliondoka pamoja naye.

Walikimbia mita sabini bega kwa bega, mbele ya watazamaji walioanza kusimama bila kujua wanashangilia nini. Gavin alikuwa na mbio zaidi. Kwenye mita ya hamsini alikuwa mbele kwa hatua moja, na mpira ulikuwa umeshapigwa, mrefu, unashuka mbele ya nguzo. Alipopunguza mwendo ili aruke, Zahor alimfikia kushoto, akaingiza nyonga, akamnyima hatua ya mwisho. Gavin aliruka kwa mguu mmoja, bila urefu, akaunyanyua mkono wa kulia. Ulipita sikio. Watu waliokuwa karibu walisikia sauti iliyomtoka. Vidole vyake viligusa mpira, na juu ya vidole ikapita ngumi, na mpira ukaruka nje ya mstari wa pembeni. Filimbi ya mwisho ililia kabla haujarudishwa.

Wekundu walimkimbilia daktari wa meno. Gavin alibaki amekaa kwenye majani, ameshika bega. Mtu mmoja alimletea ile fulana yenye namba 42, akaiweka pajani bila kuikunjua. Zahor alisimama palepale.

"Tumechukua kombe," Gavin alisema hatimaye.

"Hongera. Umefunga mangapi?"

Gavin alimtazama kama mtu anayetafuta mzaha usoni kwa mwenzake na kuukosa.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna," alirudia Zahor, akaondoka.

Kamau alikuwa akivua viatu karibu na magari. Hakunyanyua kichwa. "Umetuuza, Zahor."

"Sikuuza. Nilikuambia toka mwanzo ninachotaka. Ulileta machungwa, nikakuambia."

"Nilidhani utataka na kombe pia."

"Ulidhani wewe."

Hawajazungumza mengi tangu hapo. Msimu uliofuata jina la Zahor halikuwamo kwenye orodha ya Bluu, na hakuliulizia. Kamau sasa ananunua gesi duka la mtaa wa Wadi Kabir. "Ndiye mlinzi bora nimewahi kusimama naye," anasema. "Nikipanga timu tena leo simwiti." Hasemi kwa hasira, anasema kama mwalimu anayesoma matokeo.

Jioni ile ya Machi Zahor alifika nyumbani magoti yamechubuka na vifundo vya mkono wa kulia vimevimba. Muhsina alikuwa ameshapata habari kwa Amur, aliyemtangulia, na ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amesimulia kitu bila kukichekesha.

"Mmefungwa," alisema Muhsina.

"Tumefungwa."

"Na yeye?"

"Hata moja."

Alimtazama vile vifundo, akaenda jikoni, akarudi na bakuli la maji ya chumvi. "Tia mkono," alisema. "Kisha uje ule, nnakupakulia."

Zahor sasa ana miaka thelathini na minane. Hachezi, lakini bado anabeba mitungi. Anapoulizwa kama angeyarudia yale, akijua kuwa yangemgharimu kombe, timu na rafiki, hachukui muda kufikiri. Angeyarudia. Ila kuna kitu kimoja angekifanya vingine, anasema, na hapo uso wake unabadilika kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yote.

"Ule wa robo ya pili uliogonga nguzo," anasema. "Nilichelewa nusu hatua."